Maoni Yetu: Mgeni wa Januari anajua alichokuja kutafuta

Kuna miadi moja katika diplomasia ya Afrika ambayo haijavunjwa tangu 1991. Mwaka mpya ukianza, waziri wa mambo ya nje wa China hufunga mizigo, na ziara yake ya kwanza ya mwaka huwa ya Afrika. Alianza Qian Qichen, wakafuata Tang Jiaxuan, Li Zhaoxing, Yang Jiechi, Wang Yi, Qin Gang, kisha Wang Yi tena. Qin Gang aliteuliwa siku za mwisho za Desemba 2022, na kabla Januari haijafika katikati alikuwa Addis Ababa. Julai 2023 akaondolewa kazini bila maelezo yoyote ya maana. Januari iliyofuata safari ikawepo kama kawaida. Hata korona haikuivunja: mapema 2021, watu wengi duniani wakiwa wamejifungia ndani, Wang Yi alipita Nigeria, Kongo, Botswana, Tanzania na Ushelisheli ndani ya wiki moja.

Hatuna kinyongo na mgeni huyu. Kinyongo chetu ni kwa mwenyeji. Safari ya Januari ndiyo shughuli iliyopangwa vizuri kuliko zote katika kalenda ya diplomasia yetu, na aliyeipanga si sisi. Kwa zaidi ya miaka thelathini tumejua kwamba mtu anakuja, tusichokijua ni kama zamu hii ni yetu. Lakini kila zamu ikiwa yetu, wizara hukimbizana kama watu waliogongewa hodi wakiwa wanadeki. Zulia linatafutwa, kikundi cha ngoma kinaitwa, hotuba ya urafiki wa kihistoria inatolewa kabatini na kubadilishwa tarehe.

Yeye hakimbizani. Ukitaka kujua China inatafuta nini Afrika, usihangaike na hotuba, soma orodha ya nchi. São Tomé na Príncipe ilivunja uhusiano na Taiwan Desemba 2016, na Januari 2018 waziri wa China alikuwa huko. Burkina Faso ilifanya hivyo hivyo Mei 2018, na Januari 2019 mgeni akatua Ouagadougou. Gambia, iliyorejeana na Beijing mwaka 2016, ilikuwa katika safari hiyo hiyo. Visiwa vya Komoro, ambavyo mawaziri wengi wa mataifa makubwa huviona kwenye ramani tu, vilipata zamu yao Januari 2022 pamoja na Eritrea na Kenya. Hakuna anayesahaulika kwa udogo wake, kwa sababu kwenye Umoja wa Mataifa kura ya Moroni ina uzito ule ule wa kura ya Abuja.

Na hesabu hiyo ya kura China haijaisahau. Oktoba 25, 1971 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliirudishia Beijing kiti chake kwa kura 76 dhidi ya 35, nchi 17 zikijizuia. Kura 26 kati ya hizo 76 zilitoka Afrika. Balozi wetu wa Tanzania pale New York, Salim Ahmed Salim, alishangilia waziwazi ukumbini, na Wamarekani walikumbuka. Miaka kumi baadaye alipogombea ukatibu mkuu wa umoja huo, Marekani ilimwekea kura ya turufu, nayo China ikamzuia mpinzani wake, Kurt Waldheim, mara 16. Kwa hiyo mgeni wa Januari anapotaja mwaka 1971, hapambi hotuba. Anafungua daftari la hesabu. Anapotaka tamko la pamoja liwe na aya ya China moja, na huwa nayo daima, anakuja kuchukua alichokifuata, na akishakipata safari yake imelipa kabla chai haijapoa.

Sasa tujiulize sisi tunachukua nini.

Turudi Januari 2021, pale Chato. Rais Magufuli alimpokea Wang Yi nyumbani kwao kando ya Ziwa Victoria, Profesa Kabudi, waziri wetu wa mambo ya nje wakati huo, akiwa mwenyeji wake kwa upande wa wizara. Mgeni akiwa ameketi pale, ulitiwa saini mkataba wa kipande cha reli ya kisasa kutoka Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, kwa zaidi ya shilingi trilioni 3. Waliopewa kazi ni kampuni mbili za Kichina. Rais hakuona haya kuomba: aliitaka China ifute madeni ya zamani, yakiwamo ya reli ya TAZARA na ya kiwanda cha Urafiki. Magazeti ya siku iliyofuata yalijaa picha.

Tuipime ziara ile bila ushabiki. Fedha za kipande kile zilikuwa za Tanzania kutafuta na kulipa. Wachina walikuwa makandarasi walioshinda zabuni, na mkandarasi hutia saini mbele ya waziri yeyote au bila waziri kabisa. Ombi la deni nalo lilielekezwa kwa mtu ambaye mfuko wake ni mdogo. Hapa wengi hukosea, hata baadhi ya wabunge. Deni la China si moja. Ipo mikopo isiyo na riba, inayotoka serikalini moja kwa moja, kama ule uliojenga TAZARA. Ipo pia mikopo ya benki, hasa ya Exim, yenye riba, dhamana na wanasheria. China inapotangaza kusamehe, husamehe ile ya kwanza. Kinshasa ilisamehewa dola milioni 28 hivi katika safari ile ile ya Januari 2021. Agosti 2022 Wang Yi alitangaza kufutwa kwa mikopo 23 ya nchi 17 za Afrika, na yote ilikuwa isiyo na riba iliyokwisha kuiva. Si haba. Lakini anayedhani waziri wa mambo ya nje anaweza kutua Nairobi na kufuta deni la reli ya Mombasa, amekosea ofisi. Waziri huyo hashiki funguo za Exim. Ndani ya Beijing kwenyewe, wizara yake hupanga foleni kama wengine nyuma ya wizara ya biashara na mabenki.

Anachoweza kufanya ni kufungua mlango. Na mlango ambao waziri wa mambo ya nje hufungua vizuri kuliko mtu yeyote ni ule uliofungwa kwa karatasi. Ndiyo maana tunaomba wasomaji wetu watuvumilie tuzungumze kidogo kuhusu parachichi.

Mwaka 2019 Kenya ilipata ruhusa ya kuuza maparachichi China. Ilishangiliwa kweli kweli. Kisha wakulima wakasoma masharti. China iliogopa nzi wa matunda, kwa hiyo tunda lilitakiwa limenywe, ligandishwe kwa nyuzi 30 chini ya sifuri, ndipo lisafirishwe likiwa barafu. Mkulima wa Murang'a mwenye miti arobaini hana friza ya namna hiyo, na wafungashaji wengi hawakuwa nayo. Ruhusa ilikuwepo na biashara haikuwepo. Kuanzia hapo kazi ikawa ya watu ambao hawapigwi picha: wakaguzi wa afya ya mimea wa KEPHIS upande mmoja, forodha ya China upande wa pili, barua juu ya barua, orodha za mashamba, mitego ya nzi, ukaguzi wa nyumba za kufungashia. Januari 6, 2022 Wang Yi alikuwa Mombasa. Alizuru gati jipya la mafuta la Kipevu, akazungumza na Rais Kenyatta, akakanusha habari za mtego wa madeni. Na siku hiyo, yeye na Waziri Raychelle Omamo wakashuhudia jambo lililopita karibu kimya: itifaki ya maparachichi mabichi. Agosti mwaka huo shehena ya kwanza ikaondoka.

Hii ndiyo kazi ya ziara. Faili lilikuwa limekwama kwenye meza za mafundi, na tarehe ya mgeni ndiyo iliyolisukuma. Hakuna ofisa wa Beijing anayetaka waziri wake afike Mombasa mikono mitupu, na hakuna wa Nairobi anayetaka kuulizwa na rais kwa nini karatasi haiko tayari. Siku ya kutua ndiyo siku ya mwisho ya kukabidhi kazi. Mwenye akili hulitumia hilo miezi sita kabla.

Tanzania ilipata itifaki yake ya parachichi Novemba 2022, Rais Samia alipokwenda Beijing, na Njombe ikafurahi kwa haki. Lakini kila zao lina itifaki yake. Parachichi halimfungulii embe mlango. Na hapa ndipo kuna tundu katika shangwe za ushuru sifuri. Tangu Desemba 1, 2024 China imeondoa ushuru kwa bidhaa zote za nchi maskini zaidi zenye uhusiano nayo, 33 kati yake zikiwa za Afrika. Juni 2025 mjini Changsha ilitangaza nia ya kuupanua mpango huo kwa nchi zote 53 za Afrika inazohusiana nazo, yaani zote isipokuwa Eswatini iliyobaki na Taiwan. Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zilikuwa kwenye kundi la kwanza, Kenya ikangojea la pili. Vizuri. Lakini ushuru sifuri kwa tunda lisilo na itifaki ni sawa na nauli ya bure ya basi lisilopita kituoni kwako.

Takwimu zenyewe zinajieleza. Mwaka 2024 biashara ya China na Afrika ilifikia karibu dola bilioni 296. Afrika ilinunua bidhaa za dola bilioni 179 hivi na kuuza za bilioni 117 hivi. Pengo ni kama bilioni 62, na sehemu kubwa ya tulichouza ni mafuta ghafi na madini. Kwa nchi isiyo na mafuta wala kobalti, pengo hilo linazibwa kwa ufuta, kahawa, korosho na matunda, itifaki moja baada ya nyingine. Kazi ya kuchosha. Haina utepe wa kukata.

Tuseme pia neno kuhusu wageni wengine, maana wapo. Machi 2018 Rex Tillerson wa Marekani alikuja Afrika kwa mara yake ya kwanza kama waziri. Nairobi alisitisha ratiba ya siku nzima kwa sababu hakujisikia vizuri, akaikatisha ziara, na saa chache baada ya kutua nyumbani Rais Trump akatangaza kwenye Twitter kwamba amemfukuza. Chochote alichoahidiwa mtu katika ziara ile kilikufa na ujumbe ule. Sergei Lavrov wa Urusi alizuru Misri, Kongo-Brazzaville, Uganda na Ethiopia Julai 2022, vita vya Ukraine vikiwa vimefikisha miezi mitano, na Nairobi akaiona Mei 2023. Antony Blinken wa Marekani alizunguka mara kadhaa. Kuleba wa Ukraine naye akapita. Hawa wote huja wanapohitaji kitu, na haja yao huonekana usoni. Wa China huja hata asipokuwa na haja ya dharura, na huko kuja bila dharura ndiko kunakomfanya asikataliwe siku akiwa nayo. Januari 2025 alikuwa N'Djamena. Saa chache baada ya kuonana na Rais Déby, watu wenye silaha walivamia ikulu, na milio ya risasi ikasikika mjini. Ziara iliendelea hadi Nigeria.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hafiki siku ya tatu. Anakaa siku moja, sana sana mbili, akaondoka. Jembe tunabaki nalo wenyewe, na ndilo tunaloliacha kwenye kona.

Maana swali zito huanza ndege ikishapaa: nini kilitiwa saini? Kenya ilijenga reli ya Mombasa hadi Nairobi kwa mkopo wa Exim wa zaidi ya dola bilioni 3, ikaizindua Mei 31, 2017, na wananchi wakaanza kuilipa bila kuuona mkataba. Wanaharakati walikwenda mahakamani. Novemba 2022, Waziri Kipchumba Murkomen alipotoa hadharani sehemu ya nyaraka hizo, ndipo watu waliposoma kwa macho yao vipengele vya usiri na mahali ugomvi utakapoamuliwa. Miaka mitano ya malipo ilikuwa imepita. Kwetu Tanzania bandari ya Bagamoyo ilianza kwa makubaliano ya Machi 2013, Rais Xi alipofika Dar es Salaam. Mwaka 2019 Rais Magufuli akaeleza hadharani kwamba masharti yake hayakubaliki, ukiwamo muda wa miaka 99. Wengi wetu tuliyasikia masharti hayo kwa mara ya kwanza kutoka mdomoni mwa rais aliyekuwa akiyakataa. Angeyakubali tungeyasikia kwa nani?

Tunajua jibu la wizara: mazungumzo ya kidiplomasia hayafanyiki uwanjani. Ni kweli, na hatudai yafanyike uwanjani. Tunadai mambo ambayo hayahitaji siri hata kidogo. Ibara ya 63 ya Katiba ya Tanzania inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba inayohitaji kuridhiwa. Kenya ina sheria ya mwaka 2012 ya kuingia na kuridhia mikataba. Tatizo ni kwamba mengi yanayosainiwa katika ziara hizi huitwa hati za makubaliano, au itifaki, au tamko, majina ambayo hupita chini ya uzio wa sheria. Basi yasipelekwe kuridhiwa kama hayahitaji. Yachapishwe tu. Itifaki ya embe haina siri ya taifa.

Wizara ya mambo ya nje ikae na ya kilimo, ya biashara na ya uchukuzi mwezi wa saba, si wa kumi na mbili. Waandike maombi matatu, yasizidi matatu, ambayo waziri wa mambo ya nje wa China ana uwezo nayo kweli. Reli na madaraja wamwachie Waziri wa Fedha na mkutano mkubwa wa China na Afrika, FOCAC, ambao 2024 kule Beijing ulitaja yuan bilioni 360 kwa miaka mitatu. Huko ndiko fedha zinakozungumzwa. Ufufuaji wa TAZARA, reli ya kilomita 1,860 iliyokabidhiwa 1976, ulipata waraka wake pembeni ya mkutano huo, mbele ya marais watatu. Januari si msimu wa reli. Januari ni msimu wa itifaki za mazao, viza za wafanyabiashara wetu wanaohangaika kwenda Guangzhou, na nafasi za mafunzo kwa wakaguzi wa mimea, ambao bila wao itifaki hubaki karatasi.

Na zamu isipokuwa yetu? Hapo ndipo tunapolala kabisa. Mgeni akienda Namibia au Chad, sisi tunasoma habari kama za sayari nyingine. Waziri wetu angeweza kuwa na desturi yake: kila mwaka, mwezi ule ule, kwenda Beijing akiwa na mkaguzi wa mimea na ofisa wa forodha, akiacha nyumbani nusu ya msafara wa kawaida. Hakuna sheria inayosema miadi isiyovunjika ni mali ya China peke yake.

Lipo pia suala la majina, na tutalisema kwa ufupi kwa sababu linatuchekesha. Kila mara uhusiano wetu hupandishwa cheo. Ulikuwa wa kirafiki, ukawa wa ushirikiano, ukawa wa kimkakati, na Novemba 2022 wa Tanzania ukawa wa kimkakati na wa kina. Mkutano wa 2024 ukaupandisha wa Afrika nzima. Jina likirefuka zaidi ya hapo halitaenea kwenye bango la uwanja wa ndege.

Mkutano wa Bunge la Tanzania wa mwanzoni mwa mwaka hukaa Dodoma kuanzia mwisho wa Januari. Mgeni akipita Dar es Salaam, huwa ameondoka wiki mbili hivi kabla ya hapo. Muda huo unamtosha waziri kuandika kurasa mbili: tuliomba nini, tulipewa nini, tuliahidi nini, na jina la ofisa atakayefuatilia kila kimoja hadi Julai. Azisome bungeni. Wabunge wa Njombe watakuwa na maswali.